Draivu Zilizotoweka Baada ya Programu Kuwekwa Upya: Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali, pamoja na wananchi wote wanaotumia kompyuta kwa shughuli zao, wanaletewa katika ukurasa huu somo juu ya jambo ambalo aghalabu huwatia watu hofu na, pale linaposhughulikiwa kwa pupa, huwatia hasara. Jambo lenyewe ni kutoweka kwa draivu baada ya kompyuta kuwekwa programu upya na mtu mwenye haki za msimamizi. Makusudio ya somo ni kumwezesha msomaji kutambua sababu, kufuata hatua zilizo salama, na kujua wakati wa kusita na kumwita mtaalamu.

Somo hili limekuja kwa wakati wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10, na kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za maofisini na majumbani zimekuwa zikiwekwa mfumo mpya. Wapo wenye mafundi katika ofisi zao, na wapo wanaovuka bahari na kompyuta mkononi hadi Dar es Salaam, katika eneo la Kariakoo na mitaa yake kama vile Msimbazi, Aggrey na Uhuru, ambako bei huzungumzika. Huko kazi hii haiitwi kwa jina refu. Mteja humwambia fundi, "Kaka, nipigie window," na fundi huelewa. Tatizo huonekana pale mteja anaporudi Unguja au Pemba, akawasha kompyuta, akaitafuta draivu D yenye mafaili ya miaka mingi, asiione.

Tuchukue mfano wa karani wa masjala ambaye ndani ya draivu D ameweka orodha ya wastaafu na hesabu za viinua mgongo vyao. Karani huyo akimpigia fundi simu, huenda akajibiwa kwa nia njema, "Usijali bosi, wewe ifomati tu, itarudi." Jibu hilo ndilo lililosababisha somo hili kuandikwa. Draivu itarudi, naam, lakini itarudi tupu, na mzee aliyetumikia Serikali miaka thelathini ndiye atakayeambiwa kwamba jalada lake halionekani.

MAANA YA DRAIVU

Inafaa kwanza ieleweke kwamba draivu na diski si kitu kimoja. Diski ni chombo kinachoshikika, kilichomo ndani ya kompyuta. Diski moja huweza kugawanywa vipande viwili au zaidi, na kila kipande hupewa herufi ya alfabeti ili mtumiaji apate kukiita. Herufi A na B zilitengwa tangu zamani kwa ajili ya diski laini za kuchomeka. Herufi C hupewa kipande chenye mfumo wa kuendeshea kompyuta. Na D na zinazofuata hupewa vipande vyengine, draivu ya sidii, flashi, na kadhalika. Mafundi wengi hugawa diski mara mbili ili C ichukue Windows na D ichukue kazi za mwenye kompyuta, kwa hesabu kwamba siku mfumo utakapowekwa upya, C itafutwa na D itasalimika.

Herufi ni mfano wa kibao cha namba ya nyumba. Mwaka 2022, Serikali ilipoendesha kazi ya anwani za makazi nchini kote, nyumba zilibandikwa vibao vya namba. Nyumba hizo zilikuwepo kabla ya kibao, na kibao kikibanduliwa nyumba haibomoki. Ndivyo ilivyo kwa draivu. Orodha ya herufi imeandikwa ndani ya Windows yenyewe. Windows ya zamani ikifutwa, orodha hiyo hufutwa pamoja nayo, na Windows mpya hugawa herufi kwa hesabu yake. Mara nyingi, basi, kilichopotea ni kibao tu.

KANUNI YA KWANZA: USIANDIKE KITU JUU YA DISKI

Mtumishi akiona kwamba draivu haipo, asiweke programu mpya, asinakili mafaili kwenye kompyuta hiyo, na zaidi ya yote asikubali swali lolote la mashine linalomtaka aifomati diski. Kufomati ni kutandika mkeka mpya juu ya uliokuwepo. Katika diski za kizamani zenye sahani inayozunguka, mtaalamu huweza pengine kuokoa kilichokuwa chini. Lakini katika diski za kisasa zisizo na sahani, ziitwazo SSD, mfumo huiamuru diski isafishe nafasi zilizoachwa wazi, na kilichosafishwa kwa amri hiyo kwa kawaida hakirudi tena.

KUIANGALIA DISKI ILIVYO

Hatua inayofuata ni kuangalia bila ya kugusa. Mtumiaji mwenye haki za msimamizi abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, kisha katika kisanduku kitakachofunguka aandike diskmgmt.msc na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Utafunguka ukurasa unaoonyesha kila diski na vipande vyake. Ikiwa utatokea ujumbe wa kumtaka aianzishe diski, yaani wenye neno "Initialize", aukatae kwa kubonyeza "Cancel". Baada ya hapo alinganishe anachokiona na dalili zifuatazo.

(a) Kipande kipo, kina ukubwa wake wa kawaida, kimeandikwa NTFS, ila hakina herufi. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Abonyeze juu ya kipande hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague maneno "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add", na akipe herufi kiliyokuwa nayo. Draivu itaonekana papo hapo pamoja na mafaili yake. Hata hivyo, tahadhari: vipo vipande vidogo, kimoja kikiitwa EFI na chengine Recovery, ambavyo havina herufi kwa makusudi. Hivyo viachwe kama vilivyo.

(b) Kipande kipo na kina herufi, lakini si herufi yake ya zamani. Hutokea kwamba wakati wa kuweka Windows, draivu ya sidii au flashi ya fundi imeikamata herufi D, na kipande cha kazi kikasukumwa hadi E au F. Mafaili yapo yote. Ila programu ya hesabu, ambayo imezoea kuyatafuta D, husema kwamba hayapo. Dawa ni kumpa mvamizi herufi nyengine kwanza, kisha kumrudishia mwenyewe herufi yake.

(c) Diski nzima imeandikwa "Offline" au "Foreign". Neno la kwanza lina maana kwamba Windows imeiona diski ila haijaiunganisha. Kwa kitufe cha kulia juu ya jina la diski huchaguliwa "Online". Neno la pili hutokea kwa diski iliyopangwa kwa utaratibu uitwao wa dainamiki chini ya Windows ya awali, na mfumo mpya huihesabu kuwa ni mgeni. Huchaguliwa "Import Foreign Disks", na vipande vyake hurejea.

(d) Draivu inaonekana ikiwa na alama ya kufuli. Maana yake ni kwamba kipande kilifungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaogeuza maandishi kuwa fumbo. Toleo la Windows 11 lililotoka mwaka 2024 huweza kuwasha ulinzi huo lenyewe, mwenye kompyuta anapojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, hata kama hakuuomba. Mfumo ukiwekwa upya, kufuli hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hutafutwa katika akaunti iliyotumika wakati ule, au kwa ofisa wa mifumo wa ofisi inayohusika. Bila ya ufunguo hakuna fundi, awe wa Msimbazi au wa Marekani, atakayeifungua draivu hiyo. Kwa hivyo asidanganywe mtu akatoa fedha.

(e) Mahali pa draivu pameandikwa "RAW", au "Unallocated", au diski imeandikwa "Not Initialized". Hapa mtumiaji asimame. "RAW" ina maana kwamba kipande kipo lakini mpangilio wake hausomeki. "Unallocated" ina maana kwamba kipande kimefutwa kwenye ramani ya diski, jambo linalotokea pale aliyeweka Windows alipofuta vipande vyote badala ya C pekee. "Not Initialized" ina maana kwamba ramani yenyewe haisomeki. Katika hali zote tatu, yaliyomo huweza kuwa bado yapo, mradi hapajaandikwa kitu juu yake. Kompyuta izimwe, diski itolewe, na mtaalamu aifanyie kazi juu ya nakala kamili ya diski hiyo, si juu ya diski yenyewe. Zipo programu za bure, kama vile TestDisk, zinazoweza kuitafuta ramani iliyofutwa na kuirejesha. Lakini ni kwa mikono iliyozoea.

(f) Diski haionekani kabisa, hata kwa jina. Fundi aangalie waya na mahali ilipochomekwa, kisha aangalie kama inaonekana katika mipangilio ya awali ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Katika kompyuta nyingi zenye bongo za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski hupitia mpango uitwao VMD, na kifaa cha kuwekea Windows hakiioni mpaka kipewe programu ya kiendeshi cha mpango huo. Diski huwa nzima, nayo hutangazwa kuwa imekufa na mteja akauziwa nyengine. Kabla ya kununua, mteja amuulize fundi kama amejaribu kuweka kiendeshi hicho.

DRAIVU ZA MTANDAO WA OFISI

Baadhi ya maofisi huweka mafaili yao katika seva moja, na kila kompyuta hupewa herufi, tuseme Z, ya kuifikia. Hapa hujitokeza kioja kinachowashangaza wengi: mtumishi anaiona draivu Z bila ya taabu, lakini programu iliyowekwa upya kwa haki za msimamizi inasema kwamba Z haipo.

Sababu yake ni hii. Tangu toleo la Vista, lililotolewa kwa umma mwezi wa Januari 2007, Windows humpa msimamizi anayeingia vitambulisho viwili: kimoja cha mtu wa kawaida, ambacho hutumika kwa kazi za kila siku, na chengine cha msimamizi kamili, ambacho hutumika pale tu anapokubali swali la ruhusa linalotokea kwenye kioo. Herufi ya mtandao iliyowekwa chini ya kitambulisho cha kwanza haijulikani kwa kile cha pili. Ni kama mlinzi wa geti la bandarini aliyeandika jina lako katika daftari la abiria. Ukija kesho kwa mlango wa mizigo, daftari la hapo halina jina lako, ingawa mtu ni wewe yule yule. Aidha, ikiwa fundi aliweka programu kwa akaunti yake mwenyewe, herufi zako hazimo katika akaunti yake kabisa.

Dawa zipo tatu, na zimepangwa kuanzia iliyo salama zaidi. Ya kwanza ni kuipa programu anwani kamili ya seva badala ya herufi, kwa mfano \\SEVA\Hesabu. Anwani kamili haitegemei kibao. Ya pili ni kufungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na kuiunganisha herufi upya humo kwa amri ya net use. Ya tatu, ambayo ni ya ofisa wa mifumo peke yake, ni kuongeza katika rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, kiingizo cha aina ya DWORD kiitwacho EnableLinkedConnections chenye thamani ya 1, kisha kuwasha kompyuta upya. Hapo vitambulisho vyote viwili hushirikiana draivu. Lakini ijulikane kwamba kinachoiona draivu kwa haki kamili kinaweza pia kuwa ni kirusi.

DRAIVU YA SIDII NA DRAIVU ZILIZOFICHWA

Ofisi zenye kumbukumbu katika sidii hukutwa na jambo jengine. Programu za kuchomea sidii hujipachika kati ya Windows na draivu kwa viingizo viwili vya rejista, UpperFilters na LowerFilters. Programu ikiondolewa au kuwekwa upya vibaya, viingizo hubaki vikielekeza kwa kitu kisichokuwepo, na draivu ya sidii hutoweka. Ofisa wa mifumo huvifuta viingizo hivyo katika fungu la rejista linaloanza na 4D36E965. Na hapa pana hatari kubwa: fungu la diski zenyewe linaanza na 4D36E967. Tofauti ni tarakimu moja tu, na atakayefuta viingizo vya fungu la pili huenda akaizuia kompyuta isiwake tena. Kwa hivyo nakala ya rejista ichukuliwe kwanza, na tarakimu zisomwe mara mbili.

Hali nyengine ni ya draivu iliyofichwa kwa amri. Katika rejista, chini ya Policies\Explorer, huweza kuwepo kiingizo kiitwacho NoDrives. Hesabu yake ni nyepesi: A ni 1, B ni 2, C ni 4, D ni 8, E ni 16, na kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia. Ikiwa thamani ni 8, basi D imefichwa. Ikiwa ni 12, zimefichwa C na D. Na ikiwa ni 67108863, zimefichwa herufi zote 26. Jaribio lake ni kuandika D:\ katika sehemu ya anwani ya dirisha la mafaili. Draivu ikifunguka ilhali haimo katika orodha, dalili hiyo inaelekeza kwenye kufichwa. Kabla ya kuiondoa amri hiyo, iulizwe ofisi; pengine iliwekwa kwa makusudi.

HAKI ZA MSIMAMIZI NI AMANA

Msomaji atakuwa ameona kwamba karibu kila hatua iliyotajwa, ya kuharibu na ya kutengeneza, inahitaji haki za msimamizi. Haki hizo ni ufunguo wa ghala zima, si wa kabati moja. Kwa hivyo watumishi wanashauriwa yafuatayo:

1. Kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, na akaunti ya msimamizi itumike kwa kuweka programu tu.

2. Fundi wa nje apewe akaunti yake ya muda, wala asipewe nywila ya ofisi. Akimaliza kazi, akaunti hiyo ifutwe siku ile ile.

3. Kabla kompyuta haijatoka ofisini, iandikwe kwenye karatasi orodha ya draivu zake: herufi, jina, ukubwa, na kilichomo. Picha ya ukurasa wa diski ikichapishwa inatosha. Fundi akabidhiwe nakala na aelezwe waziwazi kipande kinachofutwa na kisichoguswa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Ufunguo wa BitLocker, kama upo, uandikwe na uwekwe katika kasha la ofisi kabla ya kazi kuanza.

5. Kompyuta yenye taarifa za watu, kama vile maradhi, mishahara au ardhi, isipelekwe sokoni ikiwa na taarifa hizo ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeufanya ulinzi wa taarifa za namna hiyo kuwa wajibu wa kisheria. Diski itolewe na ibaki ofisini, au kazi ifanyiwe ofisini mbele ya mtumishi.

NAKALA RUDUFU

Yote yaliyoelezwa hapo juu ni tiba, na kinga ni nakala. D iliyomo ndani ya diski ile ile ya C si nakala rudufu. Diski ikifa, vipande vyote hufa pamoja. Utaratibu unaokubalika kwa wataalamu ni kuwa na nakala tatu za kila faili muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Sharti hilo la mwisho lisidharauliwe. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Katika tukio la namna ile, mfanyabiashara mwenye daftari lake na nakala ya daftari katika kibanda kimoja huwa hana daftari wala nakala. Ofisi ya Unguja na iweke nakala Pemba, na ya Pemba iweke Unguja. Mwenye duka Msimbazi na aipeleke ya kwake nyumbani.

Tena nakala ijaribiwe. Kila baada ya miezi mitatu, faili moja lirejeshwe kutoka katika nakala na lifunguliwe. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu.

Wakuu wa masjala na wakuu wa skuli wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya makarani wao, na kuzibandika karibu na kompyuta dalili sita zilizotajwa. Mwenye kukutwa na dalili ya (e) anakumbushwa tena kwamba azime kompyuta, asifomati, na amuone ofisa wa mifumo wa Wizara yake kabla ya kumsikiliza mtu mwengine yeyote. Mwananchi asiye na ofisa wa kumuona afanye hivyo hivyo, na amwambie fundi wake maneno haya tangu mwanzo: "Kaka, C ifute, D usiiguse, na diski isiposomeka nirudishie kama ilivyo."